Picha za Somo Hazifanani na Wagonjwa wa Lamu

Fungua somo la mtandaoni kuhusu vidonda vya kulalia, na yumkini picha ya kwanza utakayokutana nayo ni ya ngozi nyeupe yenye doa jekundu mwisho wa uti wa mgongo. Maelezo yake ni yale yale kila mahali: bonyeza kwa kidole, na ukiachia wekundu ukabaki bila kufifia, hicho ni kidonda cha daraja la kwanza. Muuguzi anasoma, anajibu maswali, cheti kinaingia kwenye simu. Akirudi wadini anamkuta mzee wa Matondoni aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, mtu mweusi aliyekulia baharini, na wekundu anaoutafuta haupo. Anaandika kwamba ngozi iko salama. Siku chache baadaye ngozi inapasuka, na kwenye faili panaandikwa daraja la pili, kana kwamba lile la kwanza halikupita.

Sisemi haya kuyapiga vita masomo ya simuni. Nayataka, tena nayataka Lamu kuliko ninavyoyataka Nairobi. Ninachokikataa ni mazoea ya kununua somo lililokamilika, lenye picha za wagonjwa wa kwingine, magodoro ya kwingine na idadi ya wauguzi wa kwingine, kisha likatangazwa kuwa ndiyo mafunzo. Thamani yote ya chombo cha aina hii imo katika ngozi iliyopigwa picha, wadi iliyowekwa kuwa mfano na usiku aliouwazia mtungaji. Vitatu hivyo vikiwa si vyetu, tutavuna vyeti na vidonda vitabaki.

Jiografia ndiyo hoja ya kwanza ya kuyakubali. Kaunti ya Lamu ni visiwa pamoja na bara lake: Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, halafu Hindi, Mpeketoni, Witu, na Kiunga kule karibu na mpaka wa Somalia. Hospitali kuu ya King Fahd iko kisiwani Amu. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani akiitwa semina Mombasa, hutoka kwa boti mpaka Mokowe, hapo apande basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 300. Kule alikotoka, kama alikuwa peke yake, mlango unafungwa, na mama mjamzito na mtoto mwenye homa ndio wanaoilipia semina hiyo. Somo linalopakuliwa mara moja penye mtandao mzuri, likafunguka bila bando akiwa Siyu au Kizingitini, linamwacha mtu kazini kwake.

Wala si jambo geni nchini. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wao walianza mpango wa kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wapate diploma, lengo likiwa kuwafikia zaidi ya 20,000, idadi ambayo vyuo vya kawaida visingeimudu kwa miaka mingi. Waliosoma walibaki vituoni mwao. Tofauti moja wapangaji wa mafunzo huisahau: mpango ule ulimpandisha mtu cheo. Somo la vidonda vya kulalia halimpandishi mtu popote. Linampa pointi za kuhuishia leseni, na pointi za namna hiyo hukusanywa dakika za mwisho, usiku, mtu akibofya “endelea” huku amesinzia. Tena, tuambizane ukweli, semina ina posho na chai ya saa nne, simu haina. Anayetaka wauguzi walitie maanani somo la simuni awatengee muda ndani ya zamu, asiwaibie usingizi wao.

Kuna kazi moja ambayo kompyuta huiweza hasa, nayo ni kuzoesha jicho. Chukua tatizo la kutofautisha kidonda cha mgandamizo, yaani hicho hicho cha kulalia, na ngozi iliyochubuka kwa mkojo na kinyesi. Vyote viwili hukaa makalioni, vyote vinauma, vyote vinatoa maji. Cha mgandamizo aghalabu hukaa juu ya mfupa na kingo zake hujitenga wazi. Mchubuko wa unyevu hutapakaa, hufuata mikunjo ya ngozi, na hujui unaanzia wapi. Muuguzi akikosea hapa, atampaka krimu mgonjwa aliyehitaji kugeuzwa, au atahangaika kumgeuza usiku kucha mgonjwa aliyehitaji kubadilishwa nepi. Mhadhara wenye picha kumi hautoshi. Panahitajika picha mia, uzipange, ukosolewe, uzipange tena. Ubelgiji walitunga somo la kompyuta kwa ajili ya tatizo hili hili, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 wanafunzi wa uuguzi waliolisoma waliwapita wenzao waliokaa mhadharani. Kwa wauguzi wazoefu njia hizo mbili zilikaribiana. Kwangu hayo yanatosha kusema kwamba chombo kianzie vyuoni, kwa vijana ambao jicho lao halijakaa.

Lakini jicho huzoea kile linachoonyeshwa. Mwongozo wa kimataifa wa vidonda hivi, wa mwaka 2019, wenyewe unasema kwamba kwa ngozi nyeusi rangi peke yake haitegemewi, muuguzi apime pia joto la ngozi na hali ya nyama iliyo chini yake. Marekani, ambako takwimu hukusanywa kwa rangi ya mtu, imeonekana mara kwa mara kwamba wagonjwa weusi hugunduliwa wakiwa na vidonda vilivyokwisha kwenda chini, dalili za mwanzo zikiwa zimewapita waangalizi. Huko watu weusi ni wachache wadini. Hapa ndio wadi nzima.

Kwa hiyo somo la Lamu lianze pengine kabisa. Mgeuze mgonjwa kwenye nuru ya dirisha, si chini ya taa ya njano. Linganisha mahali penye mfupa na ngozi ya jirani yake, maana mtu mweusi hana weusi wa namna moja mwili mzima. Angalia palipokolea rangi kupita majirani zake, palipogeuka zambarau au kijivu, au palipong'aa kwa kuvutika. Kisha weka mgongo wa mkono wako: pana joto kuliko kando yake, au pamepoa? Bonyeza: pamekaza, au pamelegea na kuwa tepetepe? Mwulize mgonjwa kama panamuuma, na umwamini. Ukifika visigino, gusa vyote viwili kwa pamoja, maana kimoja hukuambia habari za mwenziwe.

Joto halipiti kwenye kioo cha simu, na watungaji wengi hapo huishia kuandika “gusa ngozi” na kusonga mbele. Mimi ningetaka somo linalomfukuza muuguzi kwenye simu. Ukurasa unafunguka na kusema: weka simu chini, mwendee mgonjwa asiyejigeuza aliye karibu nawe, mwombe ruhusa, gusa visigino vyake na mfupa wa kiunoni, rudi uandike ulichokikuta. Ukurasa unaofuata usifunguke mpaka aandike. Anayetaka kudanganya atadanganya, lakini hata kuutunga uongo wa namna hiyo kunamlazimu mtu akumbuke ni nini alipaswa kukigusa.

Picha zenyewe atazipiga nani, kwa idhini ya nani? Hapo panataka busara kuliko pesa. Kidonda cha kulalia hukaa pale ambapo mtu hupasitiri kuliko kwingine kote. Bibi wa Langoni aliyeishi miaka themanini bila mwanamume wa kando kumwona muundi hawezi kufunuliwa mbele ya simu ya kijana wa mazoezi, ati kwa kuwa ni kwa ajili ya elimu. Nimeona, katika hospitali moja ya pwani, picha ya kidonda ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili kuomba ushauri, na pembeni jina la mgonjwa likisomeka kwenye kadi ya kitanda. Aliyeituma alikuwa na nia njema kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika fungu la data nyeti, lakini hata isingekuwapo sheria, sitara ya mgonjwa ingekuwapo.

Njia ipo. Mgonjwa mwanamke apigwe picha na muuguzi mwanamke. Shuka ifunike kila kitu isipokuwa kidonda na ngozi inayokizunguka. Uso, jina, hina, kovu la kumtambulisha, vyote vikae nje. Rula iwekwe kando ili ukubwa ujulikane, na flashi izimwe kwa sababu hung'arisha ngozi nyeusi na kuifuta ile tofauti ndogo tunayoitafuta. Fomu ya idhini iwe kwa Kiswahili cha kueleweka, asomewe mwenyewe mbele ya mtu wake, na aambiwe kwamba akibadili nia picha itafutwa. Picha ikae kwenye hifadhi ya kaunti, si kwenye simu ya mtu. Naamini familia nyingi zitakubali zikielezwa kwa upole kwamba picha ya bibi itamwokoa bibi wa mwingine. Zitakazokataa zisibembelezwe mara ya pili.

Jambo la pili ambalo chombo cha kidijitali huliweza, na ambalo kitabu hushindwa, ni usiku wenyewe. Masomo mengi hufundisha mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja, kitanda kimoja. Wadi yetu haiko hivyo. Mweke muuguzi mbele ya hali hii: ni saa nane usiku, mko wawili, vitanda vimejaa. Wanne hawajigeuzi. Mmoja ni mzee wa kiharusi na shuka yake imelowa. Wa pili ni kijana wa bodaboda ambaye mguu wake umefungiwa uzito wa kuuvuta. Wa tatu ni mgema aliyeanguka mnazini na hahisi chochote kuanzia kiunoni. Wa nne ana kisukari, na tangu magharibi analalamika kwamba kisigino kinamuuma. Na huko mwisho wa wadi dripu ya mwingine inakaribia kwisha. Utaanza na nani?

Kipimo cha Braden, kilichotungwa na Barbara Braden na Nancy Bergstrom na kuchapishwa mwaka 1987, kingewapa wote wanne alama. Kinaangalia mambo sita: hisia, unyevu, utembeaji, uwezo wa kujigeuza, lishe na msuguano. Jumla huwa kati ya 6 na 23, na kwa kawaida mwenye 18 kushuka huhesabiwa kuwa hatarini. Kipimo kizuri, na kila somo hukifundisha. Ila hakikuambii nani kwanza saa nane usiku. Wote wanne watakuwa chini ya 18, ama karibu sana, na muuguzi mwenye fomu nne zilizojazwa vizuri bado amesimama katikati ya wadi hajui aelekee wapi.

Hapo programu inaweza kumpa nafasi ya kuchagua, ikamwonyesha asubuhi yake. Akianza na anayelalamika zaidi na kumsahau mgema, alfajiri aonyeshwe kiuno cha mgema, maana asiyehisi halalamiki na ndiye aliye hatarini kuliko wote. Akimgeuza kila mtu kikamilifu kwa zamu, aonyeshwe dripu iliyokwisha. Akimwinamisha mgema nyuzi thelathini kwa mto mgongoni, badala ya kumlaza ubavu mzima juu ya mfupa wa nyonga, akainua kisigino cha mwenye kisukari, akambadilisha mzee shuka na kumgeuza papo hapo, aone kwamba hayo hayakumla usiku mzima. Jibu moja tu sahihi halipo, lakini makosa yapo, na ni heri mtu ayafanye kwenye simu.

Mtu atauliza: si tumefundishwa kugeuza kila saa mbili? Ndiyo, na kwa godoro lililobonyea ningesema hivyo hivyo. Utafiti uliofanywa katika nyumba za wazee za Marekani na Kanada, ukachapishwa mwaka 2013, haukuona tofauti kubwa kati ya kugeuza kila baada ya saa mbili, tatu au nne, lakini wazee wale walilala kwenye magodoro ya povu zito la hali ya juu. Muuguzi wetu akisomeshwa nusu ya kwanza ya habari hiyo bila nusu ya pili, somo litakuwa limemdhuru mgonjwa. Hili la godoro nitalirudia.

Halafu kuna mazoea yetu wenyewe, ambayo somo la ng'ambo huyapita kwa kuwa halijui kwamba yapo. Glavu iliyojazwa maji na kufungwa fundo, ikawekwa chini ya kisigino. Mgongo kusuguliwa kwa spiriti na poda, jinsi wauguzi wa zamani walivyofundishwa na jinsi mama zetu wanavyofanya hadi leo kwa mafuta ya nazi. Kitambaa kilichoviringwa mfano wa kata ya kubebea mtungi, mgonjwa akakalishwa juu yake. Yote hufanywa kwa mapenzi, na yote yana kasoro: glavu bado inakibonyeza kisigino, kusugua ngozi iliyokwisha kuumia huzidi kuiumiza nyama ya chini, na ile kata hukaza pembeni na kuzuia damu kufika katikati. Mafuta yenyewe hayana neno, mradi yapakwe taratibu bila kusugua penye mfupa. Kwa kisigino, mto mmoja chini ya vigimbi unatosha, ukiwekwa hadi kisigino kielee hewani na karatasi ipite chini yake bila kukwama. Haya yatajwe kwa majina yake ndani ya somo, na picha za mikono ya kwetu, bila kumfedhehesha sista mkongwe aliyeyafanya miaka thelathini.

Safari nayo inahitaji somo lake. Kuanzia Malindi hadi Tana, mtu kuanguka kutoka mnazini au mwembeni ni habari ya kawaida, na bodaboda zimeongeza waliovunjika uti wa mgongo. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi. Aliyeumia Pate atangojea maji yajae, apandishwe boti, ashushwe Mokowe, aingizwe gari la wagonjwa kuelekea Malindi au Mombasa, muda wote huo kachalia juu ya ubao mgumu, na hahisi. Mgandamizo wa ndani wa namna hiyo huchukua kama saa 48 hadi 72 kujitokeza kwenye ngozi. Siku ya tatu linatokea doa lililokolea rangi, na wadi iliyompokea inalaumiwa kwa jambo lililoanzia kwenye mbao za boti. Muuguzi aliyefundishwa kuhesabu nyuma atauliza: siku mbili tatu zilizopita alikuwa wapi, juu ya nini, kwa muda gani? Na aliyemsafirisha, akifundishwa, atampunguzia muda wa ubao, atamwekea kitu laini chini ya visigino na nyuma ya kichwa, na ataandika saa alizolazwa. Ukurasa mmoja wa programu unatosha kwa hili.

Ila tusidanganyane kwamba wagonjwa wetu wako wadini. Wengi wamelala majumbani. Bibi aliyepata kiharusi huruhusiwa, hurejeshwa kwake kwa ngazi nyembamba za nyumba ya mawe, hulazwa chumba cha ndani ambako jua haliingii, juu ya godoro la sufi lililokwisha kushikana mabonge, au kitanda cha kamba kilicholegea katikati. Anayemtunza ni binti au mkaza mwana. Hakuna aliyemwonyesha kumgeuza bila kumburuta, na kule kumburuta juu ya shuka ndiko kunakochuna ngozi. Muuguzi wa hospitali akifuzu masomo kumi, huyu binti hapati hata moja.

Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, mikoba ya vifaa na simu za kazi. Simu hizo tayari zinaingia katika nyumba hizi. Video ya dakika tatu, wanawake wawili wakimgeuza mwenzao kwa shuka iliyokunjwa, wakizungumza Kiamu au Kibajuni, ingefanya kazi kuliko moduli nzima ya Kiingereza. Muuguzi afundishwe kwa Kiingereza akitaka, ndicho alichosomea. Binti hapana.

Na kengele ya simu ya kukumbusha kugeuza? Nyumba zetu zina kikumbusho chao tayari, adhana, na nimeona watu wakipendekeza kuitumia. Wazo zuri, lakini lipigiwe hesabu. Kutoka adhuhuri hadi alasiri ni kama saa tatu, alasiri hadi magharibi vivyo hivyo, isha haichelewi. Kuanzia adhuhuri hadi isha mgonjwa ana nafuu, ingawa bado si kila saa mbili. Lakini kati ya alfajiri na adhuhuri kuna takriban saa saba, na kati ya isha na alfajiri ni tisa. Familia itakayofuata adhana peke yake itakuwa na mianya miwili mipana, na kidonda hakihitaji muda wote huo. Asubuhi iongezwe mara mbili, pengine wakati wa staftahi na wakati jua linapofika kiwandani, yaani uani mwa nyumba, ambapo nuru pia inaruhusu kuitazama ngozi. Usiku, mgeuzo wa kabla ya kulala na mwingine wa katikati, kwa zamu, asiwe binti yule yule kila siku. Hili la kugawana zamu halifundishwi na programu yoyote niliyoiona, na ndilo linalowavunja watunzaji mgongo.

Sasa swali la wenye bajeti: haya yote yanapunguza vidonda? Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za afya, yaliutazama ushahidi kuhusu kuwasomesha wahudumu wa afya ili kuzuia vidonda hivi, na yakakuta ushahidi wenyewe ni dhaifu, hautoshi kusema kwa uhakika kwamba somo peke yake linavipunguza. Sioni humo sababu ya kuacha. Naona onyo kwa anayetaka kupima mafanikio kwa idadi ya waliomaliza somo. Alama ya mtihani inapanda kwa urahisi, na mtu anaweza kujua kila kitu na asiwe na mto, shuka ya pili, wala mwenzake wa kushika upande wa pili wa mgonjwa.

Ndiyo maana nikasema nitalirudia godoro. Pitisha kiganja, kimeangalia juu, chini ya godoro pale mgonjwa anapokalia. Ukihisi mfupa wake umekufikia, godoro hilo limekwisha, hata kama raksini yake ingali inang'aa. Jaribio hilo halina gharama na lingefaa kuwa zoezi la kwanza kabisa la somo, wauguzi wahesabu magodoro yaliyokufa katika wadi yao na kupeleka idadi hiyo pamoja na majibu ya mtihani. Kaunti itakayolipia programu bila kuipokea orodha hiyo itakuwa imenunua kisingizio, kwa sababu kidonda kikitokea lawama itamwangukia muuguzi “aliyekwisha kufundishwa”.

Pamoja na orodha ya magodoro pawe na daftari la vidonda vyenyewe: kila kidonda kipya, daraja lake kilipoonekana mara ya kwanza, mahali kilipo mwilini, na kilikoanzia, iwe nyumbani, safarini au wadini. Safu ya daraja la kwanza itazamwe kwa makini kuliko zote. Wadi inayoandika daraja la pili na la tatu bila hata moja la kwanza haioni, na hapo ndipo zile picha za ngozi yetu zitakapothibitisha kama zimefanya kazi: madaraja ya kwanza yataongezeka kwenye karatasi kabla ya yale mabaya kupungua, na mkubwa fulani ofisini atadhani mambo yameharibika. Aelezwe mapema. Daftari lenyewe linaweza kuanza Jumatatu, kwa rula na kalamu, kabla programu yoyote haijanunuliwa.